Mti wetu uliangukia nyumba ya jirani Rwambuzi, wakatafuta mchawi, na mimi nilijua nani aliyekata mizizi

Wakuu, nawasalimu kutoka Bunia, huku Ituri, Kongo.

Mimi huwa ni msomaji tu humu. Naingia, nasoma, nacheka, natoka. Leo nimeshindwa.

Kuna ndugu mmoja aliuliza humu kuhusu mti ulioinama karibu na nyumba yake, mvua zinakaribia, afanye nini. Majibu mliyompa yamenipandisha hasira mpaka nimeacha sombe, kisamvu chenu, jikoni inaungua. Mmoja anamwambia akate kichwa cha mti kibaki kigogo. Mwingine anamwambia amwage sementi kuzunguka shina. Wa tatu, na huyu ndiye aliyenimaliza, anasema aangalie kwanza ni jirani gani ana wivu naye, maana mti hauinami bure.

Sawa. Kaeni niwaeleze mti unainamaje.

Ninayoandika hapa sikuyasikia kwa mtu. Niliyaona, na sehemu mbaya kuliko zote niliifanya kwa mikono yangu hii, kwa hiyo sina sababu ya kupamba. Kiswahili nimejaribu kukinyoosha ili wa Dar na Mombasa mnielewe. Kikiteleza kikarudi cha Bunia, mnivumilie.

Na tafadhali, msinitafute kabila langu kwenye komenti. Vita vyetu vilishatafuta makabila ya watu vya kutosha.

Tuanze.

Baba yangu alikuwa mtunza miti ya kivuli kwenye shamba la kahawa upande wa Irumu. Nilikua nikimfuata nyuma na kikapu. Yale ninayoyajua kuhusu miti alinifundisha yeye, na hakuwa mtu wa kubembeleza. Ukikata tawi vibaya alikuwa anakuonyesha kidonda cha mti na kukuuliza kama wewe ungependa ukatwe hivyo.

Watu wa nje wanadhani Bunia ni kijani mwaka mzima. Aka! Kuanzia Desemba mvua inakatika, vumbi jekundu linaingia mpaka kwenye sufuria yenye mfuniko, udongo unapasuka unaweza kuingiza kidole. Halafu mvua ya kwanza ya Machi haiji kwa adabu. Inakuja na upepo na radi, mara nyingine na mawe, na inakuta mti una kiu, umechoka, matawi yamejaa. Ndiyo maana mti wa nyumbani huku unatunzwa wakati wa jua. Ukingoja mvua umechelewa.

Baba alisema kumwagia mti kikombe kikombe kila siku ni kuudanganya, mizizi inabaki juu inangojea kikombe. Mwagia mara moja kwa wiki, maji mengi, mbali na shina, kule matawi yanapoishia. Funika udongo na majani makavu lakini yasiguse shina, maana shina likioza pale chini limekwisha. Kabla ya mvua punguza matawi ya ndani, upepo upate pa kupita. Kichwa usikiguse. Mti uliokatwa kichwa unaotesha vijiti vingi vilivyoshikilia kwenye gome tu, na hivyo ndivyo vinavyokuja kuangukia watu. Wewe uliyemshauri mwenzako abakize kigogo, soma tena hapo.

Na mizizi. Watu wanadhani mizizi imeenda chini moja kwa moja kama msumari. Si kweli. Mingi iko hapo juu, ukichimba kina cha mkono umeikuta, na inatambaa kupita matawi yenyewe. Ile ya upande upepo unakotokea ndiyo inayoshika mti, kama kamba za turubai.

Haya yote niliyajua kabla sijaolewa. Naomba mkumbuke hilo, maana ndilo linalonichoma mpaka leo.

Nilipoolewa na Faustin tukapata lupango Rwambuzi, yaani kiwanja na nyumba yake. Ndani mlikuwa na mti mmoja tu wa maana, wa avoka, ule nyinyi mnaouita mparachichi. Ulikuwa mpakani, karibu na ua wa jirani yetu Adele. Nyumba ya Adele ilikuwa upande wa pili wa ua, na upepo wa mvua ulikuwa unatokea upande wetu.

Niliutunza ule mti miaka sita. Mimi ni fundi wa kushona, kazi yangu nafanyia nyumbani, kwa hiyo mti ulikuwa karakana yangu. Kiangazi kizima nilikuwa namimina maji ya kufulia yasiyo na sabuni nyingi, nabeba majani makavu ya mtaa mzima naleta pale. Udongo wa chini yake ukawa mweusi, laini, unachota kwa mkono. Lupango zima lilikuwa gumu kama barabara, isipokuwa pale.

Halafu vita vikafika mjini.

Hapa nieleze jambo moja ambalo huenda nyinyi wa mbali hamlijui. Huku, watu wakisikia kwamba kesho au keshokutwa mji unabadilisha mikono, walikuwa wanazika vyombo. Huwezi kukimbia na mashini ya kushona kichwani na mtoto mgongoni. Ukiiacha ndani, wanaoingia wanaichukua. Kwa hiyo unachimba. Watu walizika sufuria, sahani za harusi, redio, hata milango na mabati waliyang'oa wakayazika.

Sasa unachimba wapi? Kwenye uwanja mkavu, udongo uliochimbwa jana unaonekana toka barabarani. Chini ya mti ni laini, na ukimaliza unatandaza majani makavu, hakuna anayejua. Mtaa mzima ulichimba chini ya miti yake. Hatukuambizana, lakini kila mtu alikuwa na akili ileile.

Faustin alianza kuchimba asubuhi moja, risasi zikisikika upande wa kiwanja cha ndege. Mimi nilikuwa nazungushia mashini yangu mapazia na mifuko ya plastiki. Nikatoka nikamkuta ameshafika magotini, na mzizi mnene kama paja la mtoto uko katikati ya shimo.

Nilimwambia asikate. Nilimwambia huo ndio unaoshika mti.

Akanitazama na panga mkononi, akasema, "Mti utajijua. Siye ndio tunakufa."

Mume wangu akisoma hapa atanuna. Anune. Lakini niseme na langu pia: shimo lilipozidi kuwa kubwa na mzizi wa pili ukatokea, yeye alikuwa amechoka, mimi ndiye niliyeshika panga. Mzizi wa tatu vilevile. Niliikata sawasawa, vizuri, kama baba alivyonifundisha kukata.

Tukashusha mashini, sufuria nne, bidoni, yaani dumu, yenye karatasi za lupango na za shule. Tukafukia, tukatandaza majani. Mchana tulikuwa barabarani na watu wengine, tunaelekea Irumu.

Tulikaa huko miezi saba. Ya huko siyaandiki.

Tuliporudi, askari wa kigeni walikuwa wameshaingia Bunia na mji ulikuwa umetulia kiasi. Kiasi, naandika. Mchana ulikuwa wa mamlaka, lakini watu wenye bunduki walikuwa bado wanajua nyumba ya nani ina nini.

Nyumba yetu haikuwa na mlango wala dirisha, lakini mabati yalikuwepo. Na jikoni, lile jiko la nje, tulikuta watu.

Alikuwa mama mmoja muzee na wajukuu wake wawili wa kike. Aliitwa Mama Vero. Alikuwa ametoka Djugu, kijiji kimechomwa, na mabinti wake wawili, mama za hao wajukuu, hakuwahi kuniambia walipo na mimi sikuuliza. Aliposikia sisi ndio wenye nyumba alianza palepale kukusanya vitu vyake aondoke. Faustin akamzuia, akamwambia abaki, nafasi ipo. Nampa Faustin haki yake, hilo alilifanya bila kunitazama usoni kwanza.

Na mjue kwamba nyumba yetu ilikuwa na mabati kwa sababu ya yule mama. Waliokuja kuyang'oa walimkuta, akawaambia kuna mgonjwa wa kuhara ndani, wakaondoka. Amekaa miezi mitano kwenye nyumba ya watu asiowajua na alikuwa anafagia uwanja kila asubuhi.

Tukafukua vyombo mchana, tukiwa tumetundika mashuka pande zote kama tunaanika. Mashini ilikuwa nzima. Nililia nikaibusu, msinicheke. Tukafukia shimo kwa haraka, udongo, majivu, takataka, tukakanyaga mara mbili tatu, basi.

Huo ulikuwa mwezi wa kwanza, jua kali.

Sasa mti. Upande mmoja majani yalikuwa yamegeuka njano na kudondoka. Lakini matunda! Ulikuwa umebeba kuliko mwaka wowote. Mti ukihisi unakufa unabeba hivyo, baba aliniambia. Na aliniambia pia kwamba ukiharibu mizizi lazima upunguze matawi, chini na juu vilingane. Nilipaswa kupanda na msumeno wiki ile ile.

Sikupanda. Tulikuwa watu saba kwenye lupango na tulikuwa na njaa. Nilihesabu matunda kwenye kila tawi ambalo lilipaswa kukatwa, nikasema nitakata yakishaiva.

Badala yake nikaumwagia maji. Mengi, kila siku, pale pale kwenye shimo, nikijiambia ni kiu.

Aliyeona ni Mama Vero. Siku moja upepo ulikuwa unavuma kidogo tu, akaniita, akanionyesha chini. Udongo upande ule wa shimo ulikuwa unapanda na kushuka, kidogo, na ufa unafunguka na kufunga.

Akasema, "Mama, huu mti hauko muzuri. Udongo wake iko napumua."

Nilijua maana yake, wakuu. Nilijua kabisa. Nikamjibu kwamba nitaongea na Faustin. Faustin akasema tungoje matunda wiki mbili.

Mama Vero hakungoja. Alikwenda kwa Adele, akamwambia ule mti unaweza kuanguka upande wake, awahamishe watoto kutoka chumba cha ukutani. Adele ni mwanamke mwenye akili, akawahamisha. Akaanza kulala yeye mwenyewe chumba kile na kuweka watoto chumba cha mbele.

Wiki iliyofuata, Jumanne, saa tisa mchana, mvua ya kwanza.

Nimeona mvua nyingi, lakini ile ilikuwa na hasira. Vumbi lilitangulia, mji ukawa mwekundu, halafu upepo ukaja mara moja. Nilikuwa mlangoni. Mti haukuvunjika. Ulilala. Ulilala polepole na sahani nzima ya udongo ikanyanyuka upande wetu, juu kuliko mtu, na ukaenda kutua kwenye chumba kile cha Adele.

Adele alikuwa ameingia mle kuchukua nguo za watoto. Ukuta ulimwangukia, mkono ukavunjika mahali pawili na mfupa wa bega. Watoto wake wanne walikuwa chumba cha mbele. Hakuna hata mmoja aliyekwaruzwa.

Hapo sasa nataka mnielewe vizuri. Watoto wanne wako hai kwa sababu mama muzee mmoja aliangalia chini na akafungua mdomo. Mngetegemea nini? Mngetegemea mume wa Adele aje na kuku, na kilo ya sukari, na machozi.

Kesho yake asubuhi mume wa Adele, Papa Jeremie, alikuja na watu wa avenyu nzima, yaani mtaa wetu, na chefu wa avenyu mbele yao. Adele alikuwa hospitalini, hakuwepo kusema neno. Swali la Papa Jeremie lilikuwa moja tu.

"Alijuaje?"

Basi hilo likatosha. Alijuaje? Mti umesimama miaka yote, umebeba matunda, anakuja mama wa Djugu anasema utaanguka, na unaanguka, na unaangukia palepale aliposema. Mmoja akaongeza kwamba alimwona anazunguka mti asubuhi. Alikuwa anafagia! Mwingine akasema ana wajukuu bila mama, na mama zao wameliwa na nani? Niliyasikia hayo kwa masikio yangu, kutoka kwa watu ambao Jumapili tunashika kitabu kimoja cha nyimbo.

Neno bulozi, yaani uchawi, lilipotamkwa, watu wakaanza kusogea. Huku kwetu neno hilo si mchezo. Nimeona mama mmoja alivyopigwa kwa sababu ya radi tu. Na wakati ule, kumfukuza mtu kwenye avenyu kulikuwa ni kumweka mbele ya bunduki. Kambi ya wadeplase, wale waliokimbia vijiji vyao, ilikuwepo, ndiyo, lakini neno lile linamfuata mtu, lingefika kambini kabla yake.

Mama Vero alikuwa amesimama mlangoni pa jiko, wajukuu nyuma yake. Hakujitetea. Alisema tu kwamba aliona udongo. Hakuna aliyeuliza udongo gani.

Na mimi?

Mimi nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwenye lile shimo. Sahani ya mizizi ilikuwa imesimama hewani mbele ya watu wote, imejaa matope. Mtu yeyote angeifuta kwa mkono angeiona mizizi mitatu iliyokatwa na panga. Nilifungua mdomo.

Faustin akanikamata kiwiko. Alininong'oneza kwamba nikisema tulizika vyombo, kabla ya jua kuzama watu wenye bunduki watakuwa wameshajua kwamba nyumba hii ina mashini. Hakuwa anatunga. Familia mbili za avenyu ya pili zilitembelewa hivyo hivyo, na katika moja hawakuchukua vyombo tu.

Nikafunga mdomo.

Chefu wa avenyu akatoa uamuzi wake kwa Kifaransa kwanza, kisha Kiswahili, kama vile Kifaransa kinaongeza haki. Mama huyu apewe mpaka kesho saa sita mchana awe ameondoka Rwambuzi. Akasema anamhurumia, ndiyo maana anampa siku nzima. Watu wakamshukuru kwa hekima yake.

Hekima! Miaka imepita na neno hilo bado linanikaa kooni. Mtu mwenye mhuri na kalamu mfukoni anasimama mbele ya mti uliong'oka na mizizi yake, na haulizi hata mara moja mizizi imefanya nini. Anauliza habari za mama muzee.

Siku ile nzima Mama Vero hakuniuliza chochote. Alifua nguo za wajukuu, akazianika. Mimi nilikaa kwenye mashini nikashona mshono uleule, nikaufumua, nikaushona tena. Nilikuwa namkasirikia Papa Jeremie, namkasirikia chefu, namkasirikia Faustin, kila mtu isipokuwa yule aliyekuwa na panga.

Alhamisi asubuhi nilichukua jembe na beseni la maji. Sikumwomba Faustin ruhusa. Niliwaita majirani mmoja mmoja, nikamtuma binti yangu amwite chefu, nikamwita Papa Jeremie mwenyewe juu ya ua. Walipofika wengi nikamwagia maji ile mizizi mpaka matope yakatoka. Halafu nikaingia shimoni, nikafukua upande wa pili, mpaka vile vipande vilivyobaki ardhini vikaonekana. Kila mzizi na mwenzake, umekatwa sawa, mkato umeshazeeka, si wa kuchanika.

Nikasema, "Huu mti haukutumwa na mutu. Siye ndio tuliukata, mimi na bwana yangu, siku tulizika vyombo. Hii miwili ni mukono wangu."

Nikapanda nje ya shimo, nikawapisha waone.

Nawaambia jambo la ajabu. Nusu ya wale watu walianza kutazama chini, kisha wakatazama kwenye malupango yao. Kila mmoja alikuwa na shimo lake chini ya mti wake. Wiki ile ile mlango kwa mlango watu walipanda kupunguza matawi, wengine wakajaza mawe na udongo mzito, wakashindilia. Hakuna aliyeniambia asante na sikutaka.

Papa Jeremie alishuka shimoni, akapitisha kidole gumba kwenye mkato. Kisha akasema, kwa sauti ya chini kidogo kuliko ile ya jana, kwamba bado hajaelewa yule mama alijuaje.

Hapo nilipasuka. Nilimwambia alijua kwa sababu alitazama chini, kazi ambayo hata yeye Papa Jeremie angeiweza kama angeamua. Nilimwambia aende hospitalini amuulize mke wake ni nani aliyewahamisha watoto wake. Nilisema na mengine ambayo moderata atayafuta, kwa hiyo nayaacha.

Chefu akakohoa, akatangaza kwamba jambo limekwisha, mama muzee anaruhusiwa kubaki.

Anaruhusiwa! Hakumtazama hata alipotamka. Aligeuka na watu wake wakageuka, wakatoka wakiongea habari za mabati. Watu zaidi ya thelathini walipita mbele ya lile jiko na hakuna mmoja aliyesimama kumwambia mama pole, tumekukosea.

Nilikimbia jikoni mimi, na matope miguuni, nikiwa na furaha. Niseme ukweli, nilikuwa na furaha. Nilijiona nimefanya jambo kubwa.

Nilimkuta anafunga sufuria ndani ya kikwembe, kitenge chake. Wajukuu walikuwa wameshavaa. Nikamwambia imekwisha, wamesema abaki, nimewaonyesha mizizi.

Akamaliza kufunga fundo. Akalikaza. Hakuwa na hasira usoni.

"Wale hawakujua kitu," akasema. "Weye ulijua jana, ukanyamaza. Mimi siwezi kulala tena kwako, mama."

Nilimwomba. Faustin naye akaja akaomba, nakumbuka alipiga magoti kwenye majivu. Nilimweleza habari za watu wenye bunduki, habari za mashini. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaitikia kwa kichwa, akasema anaelewa, angekuwa yeye labda naye angeogopa. Kisha akabeba mzigo wake kichwani, akawashika wajukuu, akatoka kwa njia ya nyuma.

Nilimfuata kambini wiki ile. Nilibeba kuni za ule mti, maana kuni wakati ule mtu alikuwa anazifuata nje ya mji na harudi. Alizipokea vizuri. Alinipa kigoda, akaniuliza habari za mkono wa Adele. Nilikwenda mara tatu, na mara zote tatu alinipokea hivyo hivyo, kama mgeni. Mara ya nne niliambiwa wamehama na watu wengine kuelekea ziwani. Sikumwona tena.

Adele alipotoka hospitalini na kusikia yaliyofanywa kwa jina lake, alikaa wiki mbili hazungumzi na mume wake. Angalau hilo.

Nimejifunza nini? Ya mti ni mepesi, mtoto anaweza kuyashika. Usichimbe shimo chini ya mti wa nyumbani, si la vyombo, si la choo, si la msingi wa ukuta. Ukishachimba, punguza matawi haraka, hata kama yana matunda na watu wana njaa. Tazama udongo siku ya upepo, upande upepo unakotokea. Ukiona unapumua, toeni watu kwanza, mengine baadaye. Na akitokea mtu akauona kabla yako, mshukuru.

Ya pili ni nzito zaidi. Nilikuwa nadhani ukweli ni ukweli hata ukichelewa. Nilichelewa siku moja tu, wakuu, na kwa sababu ambayo mtu yeyote wa Bunia anaielewa. Siku ile moja yule mama alifua nguo, akapika, akawalaza wajukuu, akijua kwamba kesho anawatoa barabarani, na mimi nilikuwa upande wa pili wa ukuta nashona.

Sasa uwanja ni wenu. Mliowahi kusimama kwenye kikao cha namna ile mkiwa na jibu mdomoni, andikeni, hata bila kutaja mtaa. Wataalamu wa miti, nisahihisheni nilipokosea, nitasoma yote na nitajibu.

Ila ombi moja. Msiniandikie kwamba Mungu alishanisamehe. Aliyefukuzwa Rwambuzi hakuwa Mungu.